Kompaila isinyamaze: neno langu juu ya atributi

Leo sina habari za boom wala za bonanza la vitivo. Leo nina hoja, na ni hoja ambayo ukiitoa kwenye meza ya kantini watu wanakutazama kama hujala tangu jana. Hivi kompaila ikikutana na atributi isiyoijua, ifanye nini? Iruke tu iendelee na safari, au iseme?

Kundi letu la mradi tuko watano, na tumegawanyika. Watatu wanasema iruke, kimya. Wawili, mimi nikiwemo, tunasema iseme. Kwa kuwa ukumbini kila mtu anaongea juu ya mwenzake, nimeona niweke msimamo wangu hapa kwa utaratibu. Anayetaka kunipinga anipinge, ila asome kwanza mpaka mwisho.

Kwa wasio wa fani yetu niwapitishe haraka haraka. Msimbo (sisi chuoni tunasema "kodi", sio ile ya TRA) ni maandishi anayoandika mtunga programu. Kompaila ndiyo programu inayoyasoma maandishi hayo na kuyageuza kuwa maelekezo ya mashine. Ina sehemu ya mbele, ambayo inasoma, inachambua na kukagua kama ulichoandika kina maana, na ina sehemu ya nyuma, ambayo inazalisha maelekezo yenyewe. Ugomvi wetu wote uko sehemu ya mbele.

Sasa atributi ni nini? Ni alama ndogo ambayo mtunga programu anaibandika kwenye kitu alichokitangaza ili kuiambia kompaila jambo la ziada. Tazama mstari huu wa C++:

[[nodiscard]] bool tuma_pesa(int kiasi);

Hapo nimetangaza fanksheni inayotuma pesa na kurudisha jibu la ndiyo au hapana. Ile nodiscard kwenye mabano mraba mawili inasema hivi: yeyote atakayeita fanksheni hii asilitupe jibu lake. Akiiita halafu akaendelea na mambo mengine bila kuangalia kama pesa imekwenda au haikwenda, kompaila impe onyo. Alama yenyewe haiongezi hata tendo moja kwenye programu. Ni sauti tu. Lakini ni sauti inayokuja kabla programu haijamfikia mteja, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Hizi alama hazikuanza jana. GCC ilikuwa na yake kwa muda mrefu, inayoandikwa kwa neno __attribute__ na mabano mawili ya duara. Microsoft nao wakawa na __declspec. Kila mtu na lugha ya nyumbani kwake. Mwaka 2011 kiwango rasmi cha C++ kikaleta maandishi ya pamoja, haya ya mabano mraba mawili. Mwaka 2014 ikaongezwa deprecated, ya kumwambia mtu kwamba kitu hiki kimepitwa na wakati, atumie kingine. Mwaka 2017 zikaja nodiscard, maybe_unused na fallthrough. Lugha ya C yenyewe, mama mzazi, ikayakubali maandishi hayo hayo kwenye toleo lake linaloitwa C23. Kwa hiyo tunachobishania sio kitu cha pembeni. Ni sehemu ya lugha ambazo zimebeba nusu ya dunia.

Haya, tuingie jikoni tuone alama hii inapikwaje.

Kwanza kabisa inapita kwa leksa, ambayo kazi yake ni kukata maandishi vipande vipande, vile tunavyoviita tokeni. Leksa haina habari na atributi. Inaona bano mraba, na bano mraba lingine, basi. Kichanganuzi ndicho kinachosema, aah, mabano mawili yamefuatana, hapa kuna atributi. Na kiwango cha C++ kimekisaidia kwa amri kali: mabano mraba mawili ya kufungua yakifuatana, ni lazima iwe atributi inaanza. Hata kama wewe ulikuwa unataka kuandika kitu kingine, mfano lambda ndani ya faharasa ya safu, utakataliwa mpaka uzungushie mabano ya duara. Yaani atributi imepewa kiti cha mbele kabisa.

Tatizo linaanzia hapo. Mara nyingi alama inafika kabla ya kitu chenyewe. Kichanganuzi kimeshasoma atributi lakini bado hakijui kinachofuata ni fanksheni, ni kigeu au ni aina mpya ya data. Kwa hiyo hakiwezi kuamua chochote. Kinachoweza kufanya ni kuiweka kwenye orodha ya kusubiri: jina lake, hoja zake, na mahali hasa ilipoandikwa, mstari wa ngapi, herufi ya ngapi. Kitu chenyewe kikishajulikana, ndipo orodha inapokabidhiwa kwa ukaguzi wa maana, na huko ndiko maswali yanakoulizwa. Jina hili nalijua? Linaruhusiwa kubandikwa kwenye kitu cha namna hii? Hoja zake zimetimia? Haligongani na alama nyingine iliyokwisha bandikwa? Likivuka maswali yote, linapewa nafasi yake ya kudumu kwenye mti wa sintaksia, na sehemu ya nyuma italikuta huko.

Clang inafanya hivyo hivyo, kwa hatua mbili zilizoachana: atributi iliyosomwa tu ni kitu kimoja, na atributi iliyokubaliwa ni kitu kingine. Tena wana faili moja, Attr.td, ambamo kila atributi imeandikwa mara moja: majina yake, vitu inavyoruhusiwa kubandikwa, hoja zake, na nyaraka zake. Kutoka kwenye faili hilo, programu nyingine inazalisha sehemu kubwa ya msimbo wa kuikagua. Mimi nimeupenda sana mpangilio huo, kwa sababu sheria iko mahali pamoja na kila mtu anaiona. Haijajificha ndani ya if ya mtu fulani aliyehitimu miaka mitatu iliyopita.

Na mahali alama ilipobandikwa sio urembo. Angalieni mistari hii mitatu, nimebuni atributi inaitwa alama:

[[alama]] int a, b;
int a [[alama]], b;
int [[alama]] a, b;

Wa kwanza unaibandika kwa a na kwa b, wote wawili. Wa pili unaibandika kwa a peke yake. Wa tatu hauigusi a wala b, unaibandika kwenye aina int yenyewe. Herufi ni zile zile, maana tatu. Ile ya zamani ya GCC ilikuwa laini zaidi. Ukiibandika kwenye tangazo alama inayofaa kwa aina tu, yenyewe inateleza inaenda kwenye aina, ili msimbo wa zamani usivunjike. Ni ukarimu, sikatai, lakini ni ukarimu unaokufundisha kubandika ovyo.

Sasa turudi kwenye ugomvi. Jina lisilojulikana.

Niwatendee haki wenzangu kwanza. Hoja yao ina miguu. Wanasema hivi: atributi zimewekwa makusudi ili ziweze kupuuzwa. Na ni kweli, tangu C++17 kiwango kinasema wazi kwamba atributi ambayo kompaila haiitambui inapuuzwa. Sababu yake ni nzuri. Mtu akiandika msimbo leo kwa kutumia alama mpya, unatakiwa ukubalike pia kwenye kompaila ya miaka kumi iliyopita. Vilevile kila kampuni na kila kifaa kina alama zake, na mtu anayehamisha msimbo kutoka GCC kwenda kwingine hataki kukutana na ukuta kwa sababu ya alama ya ushauri tu. Wanaongeza kwamba kwenye mradi wetu kazi yote ni mistari michache: soma mabano mpaka yafungwe, tupa, endelea. Mmoja wao, kijana makini sana wa kutoka Iringa, amenifunga kwa swali moja: "Kaka, wewe ukitembelea nyumba ya watu ukakuta kibao kwa lugha usiyoijua, unarudi nyumbani?"

Hapana, sirudi nyumbani. Lakini namuuliza mwenyeji kibao kinasema nini! Huenda kinasema kuna mbwa.

Jamani, kupuuza na kunyamaza ni vitu viwili. Kiwango kimesema ipuuzwe. Hakijasema ifichwe. GCC ikikutana na atributi isiyoijua inaipuuza na inakupa onyo, na onyo hilo limewashwa tayari bila wewe kuomba. Clang hivyo hivyo. Programu inaendelea kukompailiwa, hakuna ukuta, lakini umeambiwa. Hicho ndicho ninachokitetea, sio zaidi. Sisemi ikatae. Nasema iseme.

Kwa nini naona ni jambo zito? Fikirieni daraja lenye ngazi tatu. Ngazi ya chini ni komenti, yale maneno tunayoandika kwa ajili ya binadamu wenzetu. Kompaila inayatupa, na ina haki, ndiyo kazi yake. Ngazi ya juu ni maneno ya msingi ya lugha, kama if na return. Hayo kompaila haiwezi kuyatupa hata kidogo, ikikosea hapo sio lugha tena. Atributi iko katikati. Sio amri kamili, lakini pia sio komenti. Aliyeiandika aliiandika kwa ajili ya kompaila, akiamini itasomwa. Ukiitupa kimya kimya, umeishusha ngazi na kuigeuza komenti, na mwenyewe hujamwambia.

Tofauti hiyo sio ya vitabuni. Chukueni switch ya C. Ukisahau kuweka break mwisho wa case, utekelezaji unatiririka mpaka case inayofuata. Mara nyingine mtu anataka hivyo, mara nyingi amesahau. Miaka mingi watu walikuwa wanaandika komenti tu, "fall through", kumwambia msomaji kwamba ni makusudi. GCC 7 ya mwaka 2017 ilipoleta onyo la jambo hili, ikalazimika kufanya kituko: kusoma komenti na kulinganisha maneno yake, ili ijue kama ulikusudia. Kompaila inasoma komenti! Clang haikufuata njia hiyo, yenyewe ilitaka alama halisi. Mwaka 2019 Linux toleo la 5.3 ikawasha onyo hilo kwa kernel nzima, kisha komenti zile zikaanza kubadilishwa kuwa alama inayosomwa na kompaila. Watu wamehangaika kuyapandisha maneno kutoka ngazi ya komenti mpaka ngazi ya atributi, sehemu moja baada ya nyingine. Halafu sisi, kwenye kompaila yetu ya darasani, tunataka kuyashusha kwa mistari michache?

Mfano wa mtaani. Ukipeleka mzigo stendi ya Magufuli pale Mbezi uende Mbeya kwa basi, unaandika juu ya boksi "VIOO, USILALIE". Kuli anaweza asijue kusoma. Hakuna anayemlaumu kwa hilo, na basi haliwezi kuzuiwa kuondoka kwa sababu hiyo. Lakini akichukua kitambaa akafuta maandishi kwa sababu yeye hayaelewi, hapo tutagombana. Wa Mbeya anayepokea anajua kusoma. Na mimi niliyeandika ningeambiwa tu, "bosi, sisi haya hatuyasomi", ningezungushia magodoro au ningesubiri basi lingine.

Mnaona mambo mawili hapo? Mtumaji anatakiwa kuambiwa, na maandishi yanatakiwa kufika. Kwenye kompaila ni hivyo hivyo. Onyo ni kumwambia mtumaji. Kuitunza alama kwenye mti wa sintaksia, hata kama haieleweki, ni kuifikisha kwa anayeweza kuielewa: chombo cha kupanga msimbo, chombo cha kubadilisha majina, chombo cha ukaguzi ambacho mtu mwingine atakiandika juu ya mti wetu. Ukitupa kwenye kichanganuzi, hao wote umewanyima.

Na kuna hatari kwenye kunyamaza. Mwaka 2010 simu za Android zilivamiwa kwa mbinu iliyoitwa RageAgainstTheCage. Kwenye simu kulikuwa na programu inayoitwa adbd, ambayo inaanza ikiwa na mamlaka yote ya root, kisha inaita setuid ili ijivue mamlaka hayo na kubaki mtumiaji wa kawaida. Sasa setuid inaweza kushindwa, na ikishindwa inarudisha jibu la kusema imeshindwa. adbd haikuliangalia lile jibu. Wavamizi wakaanzisha michakato mingi mpaka mtumiaji yule wa kawaida akafikia kikomo chake cha michakato, kisha wakaiua adbd ili ianze upya. Ikaanza kama root, ikaita setuid, setuid ikashindwa kwa sababu nafasi zimejaa, na adbd ikaendelea na kazi zake kama kawaida. Kama root! Mlango wazi. Kwa jibu moja lililotupwa.

Leo kwenye glibc, maktaba ya C inayotumika kwenye Linux nyingi, setuid imetiwa alama ya familia ile ile ya nodiscard. Sisemi alama peke yake ingeizuia ile ya 2010. Mtu mkaidi hata akipigiwa kelele anaziba masikio. Lakini angalau kuna kelele. Sasa jiulize: alama ile ikipita kwenye kompaila isiyoijua, na kompaila ikanyamaza, mtunga programu atafikiri nini? Hakuna onyo, basi msimbo wangu ni safi. Hapo ukimya unageuka kuwa uongo. Bora alama isingekuwepo kabisa, kwa sababu asingekuwa na cha kuegemea.

Ubaya mwingine ni kwamba sio kila atributi ni ushauri. Kanuni nzuri inasema programu sahihi ukiiondolea atributi zote inatakiwa kubaki sahihi. Lakini maisha hayako hivyo. Chukua packed ya GCC, inayoiambia kompaila isiache nafasi tupu kati ya vipande vya struct. Struct yenye herufi moja ya baiti 1 na namba ya baiti 4, kwenye mashine nyingi inachukua baiti 8, kwa sababu kompaila inaweka baiti 3 tupu katikati. Ukiweka packed inachukua 5. Sasa hiyo struct ndiyo umbo la ujumbe unaotumwa kwenye mtandao. Upande mmoja unatuma baiti 5, upande wa pili una kompaila iliyoruka alama, unasubiri 8. Hakuna kosa, hakuna onyo, kuna takataka tu. Utakesha na hiyo mdudu mpaka adhana ya alfajiri.

Waliotunga C++11 walilijua hili. Kwenye rasimu za kabla ya 2011, kupanga kumbukumbu, override na final vilikuwa atributi ndani ya mabano mraba. Wakavitoa humo: alignas ikawa neno la msingi, na override na final yakawa maneno yenye maana maalumu pale yanapotakiwa. Yaani vitu ambavyo hawakutaka mtu aweze kuviruka, walivitoa kwenye fungu la vinavyoweza kurukwa.

Hata hivyo vingine vikaingia. C++20 ina no_unique_address, inayobadilisha jinsi kitu kinavyokaa kwenye kumbukumbu. Kompaila ya Microsoft haiifanyii kazi kwa jina hilo, kwa sababu ingebadilisha mpangilio na kuvunja ulinganifu na maktaba zilizokwisha kompailiwa. Wameweka ya kwao yenye jina la ukoo, msvc::no_unique_address. Siwalaumu, wana wateja. Ila fikiria mwanafunzi anayeandika ile ya kwenye kitabu, anapima ukubwa wa kitu chake, anakuta haujapungua, na hajui aanzie wapi kuuliza.

Lugha nyingine zilichukua njia gani? Java, ile tunayofundishwa mwaka wa kwanza, ilipoleta alama zake kwenye Java 5 mwaka 2004 iliamua kwamba kila alama ni lazima iwe imetangazwa mahali fulani. Ukikosea herufi moja kwenye @Override, kompaila inakataa, inakwambia hakuna kitu kama hicho. Tena anayetunga alama anasema mwenyewe ibandikwe wapi, kwa @Target, na iishi mpaka lini, kwa @Retention: ifie kwenye msimbo, ifike kwenye faili la class, au iwepo mpaka programu inapokimbia. Rust nayo ni kali hivyo hivyo. Atributi isiyojulikana ni kosa, sio onyo. Wanaotaka alama za vyombo vyao wanapewa jina la ukoo linalotambuliwa, kama rustfmt::skip. Sisi hatuhitaji kufika huko, kwa sababu lugha yetu ya mradi inafuata C. Lakini muone kwamba kati ya "kataa" na "tupa kimya" kuna nafasi pana sana, na wenzangu wamechagua ncha moja kwa sababu ya wepesi.

Najua jibu lao linalofuata, wameshanipa: kelele. Maonyo yakiwa mia tano hakuna anayesoma, watu wanayazima yote, tunarudi kule kule. Hapa nawapa nusu ya ushindi. Ni kweli kabisa, kompaila inayolia kila dakika ni sawa na kengele ya gari inayolia usiku kucha, hakuna anayefungua dirisha. Lakini dawa ya kelele ni kumpa mwenye nyumba swichi, sio kung'oa kengele. GCC 12 ya mwaka 2022 imefanya hivyo: unaweza kuitajia jina la ukoo, ukasema atributi za ukoo huu nazijua, usinionye. Hapo ukimya umeombwa na mtu mwenye akili timamu, umeandikwa, na anayekuja baadaye anauona. Ukimya wa namna hiyo sina ugomvi nao.

Kwa hiyo mapendekezo yangu kwa kundi ni haya, na nimeyahesabia, hayazidi kazi ya siku mbili:

1. Kichanganuzi kisitupe kitu. Kila atributi iingie kwenye orodha na jina lake, ukoo wake, hoja zake na mahali ilipoandikwa.

2. Tuwe na jedwali moja tu la atributi tunazozijua, lenye vitu zinavyobandikwa na idadi ya hoja. Ukaguzi usome jedwali, isiwe kila mtu anaandika if yake.

3. Onyo la jina lisilojulikana litofautiane na onyo la jina linalojulikana lililobandikwa pasipo pake. Mtu aliyeandika nodiscad bila r ana shida tofauti na aliyebandika noreturn kwenye kigeu. Kila mmoja aambiwe shida yake.

4. Jina moja lionywe mara moja kwa faili, na kuwe na njia ya kuuzima ukoo mzima.

5. Fanksheni ikitangazwa mara mbili, alama za tangazo la kwanza zirithiwe na la pili. Hili tumelisahau kabisa kwenye mjadala, na ndilo litakalotuumbua, kwa sababu watu wanatangaza kwenye faili la kichwa na kuandika mwili kwenye faili lingine.

6. Alama tusiyoijua ibaki kwenye mti, hata kama sehemu ya nyuma haitaigusa.

7. Kila onyo liwe na jaribio lake. Faili bovu la makusudi, na mstari unaosema tunategemea onyo gani wapi. Onyo lisilo na jaribio siku moja litanyamaza na hakuna atakayejua.

Mtasema najisumbua kwa kompaila ya alama za muhula. Lakini mwalimu ameshasema kompaila itakayofanya vizuri ndiyo watakayojifunzia mwaka wa kwanza wanaokuja. Hao ndio ninaowafikiria. Mzoefu akiona alama yake haifanyi kazi anashuku kompaila. Anayeanza anajishuku mwenyewe. Ataandika nodiscard kama alivyoona kwenye kitabu, ataruka jibu makusudi aone onyo, halitatokea, na atahitimisha kwamba ama yeye hajaelewa, ama alama hizi ni mapambo. Vyote viwili ni uongo, na tutakuwa tumemfundisha sisi kwa kukaa kimya. Sijui kama kuna njia mbaya zaidi ya kumpoteza mtu kwenye fani hii kuliko kumfanya asiamini macho yake.

Mtunga programu anapoandika alama anaongea na mashine, na hana namna ya kuiangalia usoni aone kama imemsikia. Namna pekee aliyonayo ni kile kinachotokea kwenye skrini baada ya kubonyeza Enter. Kompaila isiyoelewa haina kosa. Iseme tu, "hapa sijakuelewa", halafu tuendelee na kazi.

Kazi kwenu, wa upande wa pili. Hoja zikija nitazisoma zote, matusi nitayapuuza, tena kimya kimya. Alamsiki.